Mechi ya Tano, Ikihitajika

Ukitaka kufukuzwa kwa nyundo, ingia kwenye karakana ya yule mama wa kuchomelea vyuma, umwite Kumbatia. Wateja humwita Fundi, majirani humwita Mama, na wanaotaka geti lao liishe mapema humwita Dada, ingawa mvi zimeshaanza kuchungulia chini ya kitambaa chake cha kichwa. Kumbatia ni jina la mtaani, na jina la mtaani halina mwenyewe. Linapita vibarazani, linaingia dukani, halafu linamrudia likiwa limeshiba vicheko. Humu ataitwa Fundi, maana msimuliaji naye ana kichwa kimoja tu.

Karakana yenyewe ni bati juu na bati ubavuni. Mageti ambayo wenyewe hawajaja kuyachukua yameegemezwa ukutani, fremu za madirisha zimerundikwa pembeni, na vumbi jeusi la chuma linaingia mpaka kwenye chai. Nyuma ya ukuta wa mbao yupo seremala, mzee mwenye mdomo mrefu, ambaye huzungumza na Fundi kupitia ufa bila kumwona uso. Wamegombana hivyo miaka na miaka na hakuna mwenye nia ya kuhama.

Watu husema Fundi ana hasira. Wanasema kweli, ila wanasema kana kwamba alizaliwa nazo. Hasira zile zina siku yake na zina mtu wake, na ili uzielewe lazima kwanza uelewe jinsi bingwa wa mpira wa kikapu alivyokuwa akipatikana.

Ligi ya wanawake ilipoanza haikuwa na fainali. Timu zilicheza msimu mzima kwenye viwanja vya saruji, na aliyekuwa juu ya msimamo siku ya mwisho alikabidhiwa kombe mchana kweupe, watu wakipiga miayo. Baadaye wakubwa wakagundua kwamba watazamaji wanapenda kushikwa roho, ikaanzishwa fainali ya mechi moja. Hapo likazuka jingine: nyota wa timu akiamka na homa siku hiyo, msimu wote umekwenda na maji. Wakalalamika weee, mpaka ikaja fainali ya mechi tatu. Atakayetangulia kushinda mbili ndiye bingwa. Kila timu ingecheza moja nyumbani kwake, na ya tatu, "ikihitajika", ingechezwa kwenye ukumbi mkubwa wa mjini. Neno hilo liliandikwa kwenye ratiba kwa herufi ndogo, na Fundi hajawahi kulisamehe. Ikihitajika! Na nani?

Wakati huo alikuwa msichana mwembamba, mwepesi, mchezesha timu. Mechi ya kwanza wakafungwa ugenini kwa pointi tano. Hakuna aliyelia. Kwenye fainali za aina ile, kufungwa kwa moja na kufungwa kwa arobaini ni kufungwa tu. Unaosha jezi, unajipanga, unashinda ya pili, mnakwenda kumalizana kwenye ya tatu. Msichana yule alilala usingizi mzuri.

Mchana wa mechi ya pili, wakubwa wa ligi wakakumbuka kwamba ule ukumbi mkubwa walishaukodisha kwa maonyesho ya samani. Makochi na makabati! Wakakaa kikao cha kusimama, dakika chache kabla ya mechi, wakaamua kwamba ya tatu haitakuwepo. Zitajumlishwa pointi za mechi mbili, mwenye nyingi achukue kombe. Makocha wakaitwa, wakaambiwa. Kocha wa timu yake akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akawaeleza wasichana: jamani, leo kushinda hakutoshi, tushinde kwa sita. Mchezesha timu hakuwemo. Alikuwa kwenye korido, muuguzi anamfunga kidole kilichoteguka. Aliporudi aliwakuta wenzake wamesimama duara, mikono katikati, wanapiga kelele za kujipa moyo, naye akaingiza mkono wake akapiga kelele. Wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuwa makocha.

Mechi ile aliicheza kama alivyotakiwa. Mwishoni timu yake ilikuwa mbele kwa nne, na mpira uko mikononi mwake. Tangu utotoni alifundishwa jambo moja: ukiwa mbele, usirushe ovyo, acha saa ifanye kazi. Akaukumbatia mpira kifuani, viwiko nje, akageuka huku na huku. Wenzake wakawa wanamlilia, "Rusha! Rusha!" Akafikiri wamechanganyikiwa. Kocha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, naye akafikiri ni furaha. Kipenga kikalia. Akaurusha mpira juu, akaruka. Alipotua akaona wapinzani nao wanaruka, wanakumbatiana, wanalia. Akacheka. Alisimama katikati ya uwanja akiwacheka, "Hawa nao wanashangilia nini?" mpaka mwenzake mmoja alipokuja kukaa sakafuni miguuni pake na kuanza kulia kwa sauti.

Picha ya kicheko kile ilitoka gazetini. Chini yake aliandikwa kwa jina la Kumbatia, na jina likashika. Na kocha, alipoulizwa, alisema: "Wachezaji wote walijua. Yeye alipotewa na akili." Wote walijua! Msichana alikwenda kwa kocha mara ya kwanza, akaambiwa yuko kikaoni. Mara ya pili akaambiwa amepata kazi kwenye ofisi za ligi, aandike barua. Hakuandika. Alikwenda kwa mjomba wake aliyekuwa akichomelea mageti, akakaa mlangoni siku nzima, mpaka mjomba akamwambia, "Hasira zako hizo zinayeyusha chuma. Ingia ndani, ushike kazi."

Basi akashika kazi. Akaolewa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume, akaendelea kuchomelea. Mpira hakuutaja nyumbani. Lakini damu ni damu. Binti alirefuka mpaka akawa anainama kwenye mlango wa jikoni, na siku moja akarudi kutoka shule na mpira wa kuazima kwapani. Mama akanuna wiki nzima. Kisha akamchomelea ringi nyuma ya nyumba, akaifunga kwa boliti nene, akasema, "Ukicheza, uliza. Kila kitu uliza. Usiambiwe na mtu baada ya kipenga."

Ligi ikakua. Ikawa ya kulipwa, wachezaji wana mikataba, jezi zina matangazo, mechi zinaonyeshwa kwenye runinga. Fainali nayo ikapanuka: sasa ni mechi tano, atakayetangulia kushinda tatu ndiye bingwa. Timu iliyoongoza msimu inaanzia kwake: mbili nyumbani, mbili ugenini, na ya tano, ikihitajika, inarudi nyumbani. Mwaka huu iliyoongoza ni timu ya binti, ambayo nyumbani kwake ni ule ule ukumbi mkubwa wa mjini. Wakashinda mbili za kwanza kwa kishindo, watu wakaanza kununua fulana za ubingwa. Wakaenda ugenini, wakafungwa ya tatu kwa pointi chache, ya nne kwa chache zaidi. Mbili kwa mbili. Ya tano ikahitajika kweli.

Na siku moja kabla ya mechi hiyo, asubuhi, katibu wa ligi akatokea mlangoni mwa karakana, viatu vinang'aa, anaruka vipande vya chuma asije akachafuka. Katibu huyu ndiye yule yule kocha. Amenenepa, amepata miwani na dereva.

"Kumbatia, mwanangu!" akaita kwa bashasha.

Nyundo ikasimama. Nyuma ya ukuta, randa ya seremala nayo ikasimama. Fundi hakumwamkia mzee yule, na anayejua adabu za watu wetu atajua kwamba hilo peke yake ni tusi.

"Sema shida yako."

"Bado una hasira tu? Hasira hasara, mwanangu."

"Hasara ndiyo iliyotangulia. Hasira ilikuja baadaye. Sema shida yako."

Katibu akavua miwani, akaifuta. Akaeleza kwamba jana jioni watu wa maonyesho walikuwa wakiingiza vibanda vyao ukumbini, wakaigonga nguzo ya kikapu, ikaanguka. Mkono wa chuma unaoshika ubao umepasuka. Nguzo ya akiba ilishauzwa kwa watu wa chuma chakavu.

"Maonyesho tena?" Fundi akauliza. "Makochi?"

"Hapana, safari hii ni vyombo vya jikoni. Sasa sikiliza. Maonyesho yanafunguliwa keshokutwa, ukumbi hauna siku nyingine. Na kanuni iko wazi: mechi ya mwisho ikishindikana kwa sababu ya uwanja, zinajumlishwa pointi za mechi zilizochezwa." Akashusha sauti. "Na kwa jumla ya pointi, binti yako yuko mbele kwa ishirini na kitu. Wakubwa wanataka neno la fundi. Uje uangalie, useme mbele ya timu zote mbili kwamba haiwezekani. Basi."

"Na kama inawezekana?"

"Nani atajua?"

Fundi akaweka nyundo chini. Aliiweka kwa sababu hakuuamini mkono wake.

"Nimelifikiria sana jambo lako," katibu akaendelea, akidhani nyundo kuwekwa chini ni dalili njema. "Nimezeeka sasa. Nataka nikurudishie kombe lako."

"Lile ulilolipoteza wewe?"

"Mwanangu, yale yameshapita."

"Hayajapita. Mimi naitwa nani mtaani? Umeingia hapa ukaniitaje?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Siku ile uliwaambia wasichana wapi habari ya kujumlisha pointi?"

"Chumba cha nguo. Unajua."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Katibu akatazama geti moja, akatazama lingine. "Korido. Ulikuwa unafungwa kidole."

"Kumbe unakumbuka! Miaka yote hii unakumbuka mpaka kidole! Na gazetini ulisema nini?"

"Nilikuwa kijana na nilikuwa na kazi ya kulinda. Ningesema sikukwambia, wangesema kocha mzembe."

"Wakasema mimi mjinga. Nimebebeshwa ujinga usio wangu, nimeolewa nao, nimemzaa mtoto nao, shuleni wakamwita mtoto wa Kumbatia. Na leo unakuja kunilipa. Unanilipa kwa kitu cha nani? Wasichana wa ile timu nyingine walikuwa nyuma mbili kwa sifuri, wakapigana wakasawazisha. Hivi tunavyoongea wamo safarini wanakuja. Unataka wafike waambiwe chuma kimekataa?"

"Na binti yako je, humfikirii?"

"Toka."

"Fikiria kwanza."

"Toka, kabla sijausahau umri wako."

Katibu akatoka, safari hii bila kuangalia viatu. Kutoka kwenye ufa wa ukuta ikaja sauti ya seremala, polepole: "Mwenye kovu usidhani kapoa." Kisha, kwa kuwa hawezi kuacha jambo lilale: "Lakini mama, kombe ni kombe."

"Nyamaza, Seremala."

Haikupita muda binti akaingia. Alikuja na nguo za mazoezi, jasho halijakauka, na ilionekana wazi kwamba katibu alipitia mazoezini kwao kabla ya kuja hapa.

"Mama, umeshawaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba haitengenezeki."

Fundi akamwangalia mwanawe, urefu wote ule, akamwona anaogopa. Hilo lilimuuma kuliko maneno yenyewe. Binti akakaa kwenye fremu ya dirisha, akaongea akiangalia viatu vyake. "Wametujua, Mama. Mechi mbili za kwanza walikuwa hawatujui. Sasa kila ninapopita wapo, kila ninayempa mpira wameshamwahi. Kocha wetu mwenyewe haongei. Kesho watatufunga."

"Basi mtafungwa."

"Mama mzazi unasema hivyo!"

"Niseme nini? Niseme ushinde kwa mdomo wangu?"

"Zile pointi hatukuziokota! Tulizitolea jasho. Kama tuko mbele, tuko mbele."

"Mlipokuwa mnacheza, mlijua zitajumlishwa?"

"Hapana."

"Na wao walijua?"

Binti akaanza kuchokonoa kutu kwenye fremu.

"Mechi ya kwanza walipoona imeshawashinda, kocha wao alifanya nini? Niliona kwenye runinga. Aliwatoa wakubwa wote, akaingiza wa akiba, akawapumzisha watu wake. Alijua kufungwa ni kufungwa. Angejua pointi zinahesabiwa, angewatoa? Nusu ya hizo ishirini zenu mliwafunga watoto wa benchi. Halafu leo mnataka kuzivalia medali."

Binti akasimama. Kichwa chake karibu kiguse bati. "Hii siyo mechi yako, Mama. Yako ilishaisha. Mkataba wangu unaisha mwaka huu, goti langu unalijua, sijui kama nitafika fainali nyingine. Na wewe unataka kunichoma mimi kwa moto wako wa zamani."

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na Fundi aliuona. Alimkasirikia katibu, akamkasirikia binti kwa kusema, akajikasirikia mwenyewe kwa sababu hakuwa na hakika, hata kidogo, kama ni haki inayomsukuma au ni kisasi.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," ikasema sauti ya kwenye ufa.

"Nyamaza!" wakajibu mama na binti kwa pamoja.

Mchana huo huo Fundi akaenda ukumbini na toroli la vifaa. Ndani palikuwa vurugu tupu. Sufuria na majiko vimerundikwa mpaka kwenye mstari wa pembeni, watu wa maonyesho wanabishana na msimamizi wa ukumbi, na katikati ya sakafu ile ya mbao nguzo ya kikapu imelazwa chali. Katibu alikuwepo, mikono nyuma. Binti alisimama karibu na mlango. Wale wageni walikuwa wameshafika, hata mizigo yao hawajaipeleka walikofikia: kocha wao, mwanamke mnene mwenye uso wa kuchoka, na wachezaji wawili watatu nyuma yake.

Fundi akapiga goti, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Heri chuma kingekuwa kimeoza. Kilikuwa kizima, chuma kizuri cha zamani, kimepasuka sehemu moja tu kilipopigwa. Kazi ya mchana mmoja. Na hapo ndipo neno lilipomfika kwenye ncha ya ulimi: haiwezekani. Lingetoka kirahisi kabisa. Angemaliza, angerudi kwenye mageti yake, jioni angemwona mwanawe kwenye runinga amebeba kombe analia kwa furaha, na nani angemlaumu mama kwa hilo? Alikaa pale magotini muda mrefu kuliko ulivyohitaji ule mpasuko. Asikudanganye mtu kwamba waliotendewa ubaya hawajui ladha ya kuutenda. Wanaijua, na siku hiyo Fundi alikuwa na njaa nayo.

Mmoja wa wasichana wa ile timu ngeni akasogea, akachuchumaa karibu yake kwa heshima, sauti ya chini. "Shida ni kubwa, Mama? Kitapona?"

Hakujua anaongea na mama wa nani. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa wake.

"Kitapona," Fundi akasema. Akarudia kwa sauti, ukumbi mzima usikie: "Kitapona! Nipeni umeme, na muondoe masufuria yenu hapa!"

Mlango wa ukumbi ukabamizwa. Hakuhitaji kugeuka kujua ni nani aliyetoka.

Akafanya kazi kwa hasira, lakini mikono yake haikuwa na hasira. Mikono ilikuwa na kazi. Akausaga mpasuko kwa mashine mpaka ukawa mfereji safi, cheche zikiruka huku watu wa maonyesho wakifunika majiko yao. Akavaa barakoa, akashika kijiti cha kuchomelea, akajaza chuma kidogo kidogo, akigonga ganda na kusafisha kila tabaka kabla ya kuweka lingine. Juu yake akaongeza vipande viwili vya bati nene, kimoja kila upande, akavichomelea kingo zote. Katibu akaja akasema mbona anachelewesha, si amwagie maji kipoe. "Maji yamwagie maneno yako," akajibiwa. Kikapoa chenyewe.

Nguzo iliposimamishwa, msimamizi akauliza nani wa kuijaribu. Fundi akaomba ngazi, akapanda na ovaroli lake, akaishika ringi kwa mikono miwili, akasukuma ngazi kwa mguu. Akaning'inia. Seremala, aliyekuja kushuhudia kwa kisingizio cha kukagua sakafu, akamkumbatia miguu naye akajikunja, uzito wa watu wawili, huku akilia kwamba akifa leo madeni yake atayalipa nani. Chuma hakikuguna. Watu wa maonyesho wakapiga makofi kwa vifuniko vya sufuria.

Usiku huo Fundi alikula mezani peke yake. Binti alikula chumbani kwake.

Siku ya mechi ukumbi ulifurika, wengine wamekaa juu ya makreti ya majiko. Ningependa kusema ilikuwa mechi ya kushika roho mpaka mwisho. Haikuwa. Wageni walikuwa bora, kama binti alivyosema. Walimsoma kila hatua, wakamziba kulia, wakamziba kushoto, naye akapigana kwa goti lile lile bovu mpaka watu wa timu nyingine wakamshangilia. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Hata mipira ya bure iligonga chuma ikarudi. Dakika za mwisho kila mtu alishajua. Wakafungwa kwa pointi tisa.

Shabiki mmoja nyuma ya Fundi alikuwa akihesabu kwa vidole. "Kwa jumla bado tunaongoza!" akapiga kelele. "Mechi tano zote, sisi ndio tuna nyingi!" Watu wakacheka, cheko la kuuma. Katibu, akielekea kwenye meza ya medali, akapita karibu na Fundi, akatikisa kichwa. "Umeona ulichomfanyia mtoto?"

"Nimeona," Fundi akasema. "Na nimemfanyia akiwa anaona. Nenda kagawe medali zako."

Alisema kwa kujiamini, lakini moyoni haikuwa hivyo. Alimwangalia mwanawe akiinamisha shingo kuvishwa medali ya fedha, akamwona anampa mkono kila mmoja wa wale wasichana, hata yule aliyeuliza kama chuma kitapona, na akatamani kwa nguvu zote arudi jana aseme lile neno. Alilitamani na akaona haya kulitamani, na haya ile nayo ikamtia hasira.

Walirudi nyumbani kwa miguu, binti mbele, mama nyuma amebeba mfuko wa viatu. Ndani, binti akaingia chumbani akabamiza mlango mpaka glasi za kabatini zikalia. Fundi akaweka chakula mezani, hakula. Alikaa akiutazama ule mlango. Alizijua hasira za namna hiyo. Za kwake alizipeleka ofisini zikaambiwa mwenyewe yuko kikaoni, akarudi nazo, akazilea, zikakua kuliko yeye.

Akasimama, akagonga.

"Sitaki pole," binti akasema kutoka ndani.

"Sijaja na pole. Nimekuja kukwambia mwenye kosa yupo. Yuko hapa mlangoni, haendi kikaoni. Njoo umwambie."

Kisha kitasa kikazunguka. Binti akasimama mlangoni, macho mekundu, medali bado iko shingoni.

"Mpaka refa anaurusha mpira juu, nilikuwa naomba kile chuma kikatike," akasema. "Nilikuwa naomba kazi yako ikatike mbele ya watu wote. Nakuchukia leo, Mama."

Fundi akavuta kiti, akamsogezea, naye akakaa cha pili.

"Haya," akasema. "Endelea. Usiache hata moja."